Kipimo Kinaposhuku, Mtaalamu Aseme Nini?

Katika ripoti za kitaalamu zinazopelekwa mahakamani baada ya mtu kudai kwamba ubongo wake umeathirika, kuna sentensi moja ambayo mawakili huitafuta kwanza na kuipigia mstari: "Mpimwa hakuonyesha juhudi za kutosha." Ni sentensi fupi yenye sauti ya upole, lakini inaweza kumnyima mtu fidia ya maisha yake yote, au kumrudisha kizimbani mshtakiwa aliyesemwa kuwa hawezi kufuatilia kesi yake. Ubaya wake ni kwamba imebeba madai mawili kwa pamoja. La kwanza linahusu karatasi: kwamba alama zilizopatikana siku ile hazionyeshi uwezo halisi wa mtu yule. La pili linahusu moyo: kwamba mtu yule alikusudia zisiuonyeshe. Dai la kwanza linapimika, na elimu ya kulipima imekua sana tangu miaka ya 1980. Dai la pili halipimwi na kipimo chochote kilichopo, na likithibitika, huthibitika kwa ushahidi wa aina nyingine. Ninachotetea hapa ni kwamba mtaalamu anayeruka kutoka la kwanza hadi la pili anaipotosha mahakama na kumdhulumu aliyeketi mbele yake, hata siku ambayo amebahatika kupatia.

Nianze na upande ambao watetezi wa wagonjwa hawapendi kuusikia. Watu hujisingizia udhaifu wa akili, tena si mara chache pale palipo na fedha au kifungo, na jicho la mtaalamu peke yake haliwaoni. Mwaka 1978 Robert Heaton na wenzake waliwapa wataalamu 10 wa saikolojia ya neva, yaani wanaopima jinsi ubongo unavyoathiri fikra na kumbukumbu, matokeo ya watu walioumia kichwa kweli, yakiwa yamechanganywa na ya watu wazima kiafya walioombwa kujifanya wameumia. Wapo waliotenganisha makundi hayo mawili kwa kiwango kile kile ambacho mtu angekipata kwa kurusha sarafu, na hata aliyefanya vizuri zaidi aliizidi sarafu hiyo kwa takriban asilimia 20 tu. Miaka 10 baadaye, David Faust na wenzake waliwachukua watoto 3 wenye umri wa kati ya miaka 9 na 12, wakawaambia wafanye vibaya kwa namna itakayoaminika, bila kuwafundisha zaidi ya hapo, kisha wakawapelekea wataalamu 42 alama zao. Asilimia 93 ya wataalamu hao walisema alama zile si za mtoto mzima, na wengi wa waliosema hivyo wakaeleza kwamba chanzo ni kasoro katika gamba la ubongo. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mtoto anaigiza.

Wakosoaji wa utafiti huo walisema, kwa haki, kwamba wataalamu wale waliona karatasi tu na hawakuzungumza na watoto wenyewe. Lakini kukutana ana kwa ana nako si kinga. Vincent Gigante, kiongozi wa genge la kimafia la New York, alijitia hamnazo kwa miongo kadhaa, akitembea mitaa ya Greenwich Village kwa joho la kulalia na ndara huku akinong'ona peke yake. Wapo madaktari wenye sifa kubwa waliomchunguza, wakazungumza naye, na wakaeleza mahakamani kwamba akili yake ni mgonjwa. Alitiwa hatiani mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri kosa la kuzuia haki kwa kuwadanganya waliompima. Mtaalamu anayesema kwamba uzoefu wake unamtosha kumjua mwongo, basi, hana ushahidi wa kauli hiyo, na mimi binafsi humwogopa zaidi kuliko yule anayekiri kwamba hajui.

Ndiyo maana vipimo vya kuangalia uhalali wa matokeo vilibuniwa, na ubunifu wake unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wengi wanaoutaja mahakamani hawajawahi kuuona ukifanya kazi. Mtu anakaa mezani. Anaonyeshwa picha za vitu vya kawaida zilizochorwa kwa mistari, moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde chache, hadi zifike 50. Zikiisha, analetewa kurasa zenye picha mbili mbili, moja aliyokwisha kuiona na nyingine mpya, naye anaombwa aguse kwa kidole ile aliyoiona. Kila akigusa, mpimaji humwambia kama amepatia au amekosea. Kisha zoezi zima hurudiwa. Hivyo ndivyo kilivyo kipimo cha TOMM (kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kipimo cha kujisingizia usahaulifu) kilichotungwa na Tom Tombaugh na kuchapishwa mwaka 1996, ambacho ni miongoni mwa vinavyotumika sana duniani. Picha 50 zinatisha. Anayetaka kuonekana msahaulifu hujiambia kwamba hakuna mgonjwa wa kweli awezaye kuzikumbuka zote, kwa hiyo anakosea kwa makusudi. Asichokijua ni kwamba kuitambua picha uliyoiona ni kazi nyepesi sana kwa ubongo kuliko kuikumbuka bila msaada, kiasi kwamba watu wengi walioumia kichwa vibaya, na hata baadhi ya waliopoteza uwezo wa kuzungumza baada ya kiharusi, hupata karibu zote. Kipimo kinavaa sura ya ugumu ambao hakina, na anayejisingizia anaanguka kwa kuiamini sura hiyo.

Hapo hesabu inaingia. Mtu asiyeona kabisa picha hizo, akigusa ovyo, atapata takriban 25 kati ya 50. Kupata 18 au pungufu kwa kubahatisha hutokea takriban mara 3 katika kila 100, na kupata 15 au pungufu hutokea takriban mara 3 katika kila 1,000. Kadiri alama zinavyozama chini ya nusu, ndivyo maelezo yanavyobaki machache, kwa maana anayekosea kuliko kipofu lazima awe analijua jibu sahihi ili aweze kulikwepa. Loren Pankratz alilitumia wazo hili katika miaka ya 1970 kwa watu waliodai kupoteza hisi za mwili, kisha akalileta kwenye kumbukumbu. Kwangu mimi, hili ndilo eneo pekee ambalo namba zenyewe zinaikaribia nia ya mtu. Hata hapo hazielezi kwa nini ametaka kukosea.

Lakini walio wengi hawazami kiasi hicho. Aliyeamua kutia chumvi kidogo hupata alama za katikati, juu ya bahati nasibu na chini ya zile ambazo wagonjwa wa kweli huzipata. Kwa ajili yao kumewekwa alama ya mpaka, na mpaka huo hauna maajabu yoyote: watafiti huwapima wagonjwa wasio na sababu ya kudanganya, kisha huchagua alama ambayo wasiozidi 10 kati ya kila 100 wataanguka chini yake. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza kipimo kimekubali kumshuku kimakosa mtu 1 mwaminifu kati ya 10. Sitataja alama za mipaka ya vipimo vinavyotumika leo, kwa sababu makala kama hii husomwa pia na wanaojiandaa kupimwa, lakini kanuni ya makosa 10 katika 100 inapaswa kujulikana na kila jaji.

Kiasi hicho cha makosa huonekana kidogo hadi mtu apige hesabu. Tuseme kipimo kinamkamata nusu ya wanaojisingizia na kumshuku kimakosa mwaminifu 1 kati ya 10, na tuseme kinatumika kwa watu 1,000 wanaodai fidia, ambao 300 kati yao wanaigiza. Waigizaji 150 watanaswa, na waaminifu 70 watanaswa pamoja nao. Kati ya walionaswa, basi, karibu theluthi moja hawana hatia. Sasa kichukue kipimo kile kile, bila kubadilisha chochote, ukitumie kwa wagonjwa 1,000 wa kliniki ya kawaida ambako wanaoigiza ni 80 tu. Watanaswa waigizaji 40 na waaminifu 92. Karatasi ni ile ile na alama ni zile zile, lakini sentensi ya "juhudi hazikutosha" sasa ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya uongo kuliko kuwa ya kweli.

Hesabu hii inategemea kujua ni wangapi wanaojisingizia, na hilo ndilo jambo ambalo fani inalijua kwa kubabaisha. Takwimu zinazonukuliwa mno ni za Wiley Mittenberg na wenzake wa mwaka 2002, waliowauliza wataalamu wenye ithibati Marekani kuhusu kesi zaidi ya 33,000, wakapata makadirio ya asilimia 29 katika madai ya majeraha, 30 katika madai ya ulemavu, 19 katika kesi za jinai na 8 kwa wagonjwa wa kawaida wanaoletwa kwa sababu za kitabibu. Nimeziona zikitajwa kana kwamba mtu aliwahesabu waongo mmoja mmoja. Hazikupatikana hivyo. Ni makadirio ya wataalamu juu ya watu ambao wao wenyewe waliwahukumu, mara nyingi kwa kutumia vipimo hivi hivi tunavyotaka kuvithibitisha. Yanafaa kutuonyesha kwamba palipo na fedha shaka huwa kubwa kuliko pasipo na fedha, lakini hayafai kubebeshwa hatima ya mtu mmoja.

Jibu la fani kwa udhaifu huo limekuwa kutumia vipimo kadhaa na kutokumshuku mtu hadi aanguke kwenye viwili au zaidi. Ni jibu zuri, ila linahitaji uaminifu wa mpimaji. Kama vipimo 5 vingekuwa havihusiani kabisa, na kila kimoja kikawa na kosa la 10 katika 100, basi takriban waaminifu 41 kati ya 100 wangeanguka angalau kwenye kimoja. Katika hali halisi vipimo huhusiana, hivyo idadi ni ndogo kuliko hiyo, lakini mwelekeo haubadiliki: ukirusha nyavu nyingi utapata samaki, hata pale ambapo hakuna unayemtafuta. Kwa hiyo ripoti inayosema "alianguka kwenye vipimo viwili" bila kusema vilikuwa viwili kati ya vingapi haijasema kitu. Hilo ni swali ambalo wakili yeyote anaweza kuliuliza bila kusomea saikolojia hata siku moja, na inasikitisha kuona linavyoulizwa kwa nadra.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba makosa hayo 10 huwaangukia watu bila mpangilio. Hayawaangukii hivyo, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika suala zima. Huwaangukia wenye dimenshia iliyokomaa, yaani maradhi yanayomomonyoa akili na kumbukumbu, wenye ulemavu wa akili tangu utotoni, wasiosoma, na wanaopimwa kwa lugha isiyo yao. Mfikirie mwanamke wa makamo ambaye hakupata kwenda shule, aliyegongwa na gari na sasa anadai kwamba hawezi kushika mambo kichwani. Anawekewa mbele yake picha ya mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Kwa aliyesoma, ile ni picha ya kiti, basi. Lakini kusoma mchoro bapa kama kitu chenye kina ni ujuzi ambao shule hutufundisha bila sisi kujua kwamba tumefundishwa, na tafiti zilizowalinganisha watu wazima waliosoma na wasiosoma zimeonyesha kwamba wasiosoma huvitambua vitu halisi vizuri zaidi kuliko michoro ya vitu hivyo hivyo. Zaidi ya hayo, yumo chumbani na mtu mgeni mwenye saa mkononi, maelekezo yanapita kwa mkalimani, na kila akikosea anaambiwa kwamba amekosea. Alama zake zikishuka chini ya mpaka uliowekwa kwa kuwapima watu wa miji mingine waliosoma hadi sekondari, zimepima nini hasa? Mtaalamu anayeandika "juhudi hazikutosha" juu ya mwanamke huyo ameipima shule yake kisha akaiita tabia.

Katika kesi za jinai uzito huongezeka maradufu. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Atkins dhidi ya Virginia, ilipiga marufuku kuwaua kwa adhabu ya kifo watu wenye ulemavu wa akili, na Jaji Antonin Scalia, akipingana na wenzake, alionya kwamba dalili za hali hiyo ni rahisi kuigizwa. Onyo hilo lilifungua mlango wa kuwapima wafungwa hao kwa vipimo vya uhalali. Lakini wenye ulemavu wa akili wa kweli huanguka kwenye baadhi ya vipimo hivyo kwa kiwango kinachozidi mno kile kinachokubalika, kwa sababu mipaka yake haikuwekwa kwa kuwafikiria wao. Mtu anaweza kuhesabiwa mwongo kwa sababu ile ile ambayo ingepaswa kumwokoa.

Turudi kwenye nia. Daniel Slick, Elisabeth Sherman na Grant Iverson walipoweka vigezo vyao vya kutambua kujisingizia mwaka 1999, vigezo ambavyo wao wenyewe walivirekebisha mwaka 2020, walidai zaidi ya alama mbovu: lazima pawepo manufaa ya nje anayoyatafuta mtu, lazima ushahidi uelekee upande mmoja, na lazima sababu za kiakili, za kineva na za makuzi ziwe zimechunguzwa na kuonekana hazitoshi kueleza kilichotokea. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Maumivu makali, usingizi mbovu, sonona, na yale matatizo ambamo mwili unagoma bila mwenyewe kuuamuru ugome, yote yanaweza kuvuruga matokeo bila hila yoyote.

Tena nia yenyewe si taa ya kuwashwa na kuzimwa. Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, alifika Nuremberg, mji wa Ujerumani ambako viongozi wa Kinazi walishtakiwa baada ya vita, akidai kwamba hakumbuki chochote. Madaktari kutoka nchi 4 walimchunguza, na kwa jumla wakaona ana uwezo wa kushtakiwa, huku baadhi yao wakiueleza usahaulifu wake kuwa mchanganyiko wa msukosuko wa nafsi na utiaji chumvi wa makusudi. Tarehe 30 Novemba 1945 alisimama mbele ya majaji, akatangaza kwamba kumbukumbu yake iko tayari kuutumikia ulimwengu wa nje, na kwamba aliigiza usahaulifu kwa sababu za kimbinu. Mtu angetarajia suala liishie hapo, kwa kuwa mwenyewe amekiri. Lakini katika miezi iliyofuata usahaulifu ulionekana kurudi, na waliomwona kila siku gerezani hawakuafikiana kama kuigiza kulikuwa kwa kweli au kukiri ndiko kulikokuwa kwa uongo. Ikiwa ungamo la hadharani halikutosha kufunga swali hilo, mistari 3 ya alama kwenye jedwali haiwezi kulifunga.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari hii inawapa nafasi waongo, hasa pale ambapo mawakili huwaandaa wateja wao mapema kwa kuwaeleza vipimo watakavyokutana navyo. Maandalizi hayo yapo na ninayachukia, kwa sababu kila kipimo kinachofichuliwa ni kipimo kinachokufa, na anayeumia mwisho ni mgonjwa wa kesho atakayekosa njia ya kuaminiwa. Kwa maana vipimo hivi vina upande wa pili usiotajwa sana: aliyevipita vyote ana ushahidi mkubwa kwamba udhaifu ulioonekana kwenye sehemu nyingine za upimaji ni wa kweli. Lakini kuandika kwa usahihi hakumpunguzii mwongo adhabu yake. Matokeo yakitangazwa kuwa hayaaminiki, dai lililoyategemea hukosa mguu wa kusimamia, hata kama hakuna aliyeitwa mwongo.

Ripoti ninayoitamani ingesema hivi: "Mpimwa alipewa vipimo 6 vya uhalali na akaanguka kwenye 3. Kiwango hicho ni cha nadra kwa watu wenye jeraha la aina anayodai, elimu yake na lugha yake vikizingatiwa. Kwa hiyo alama zake za kumbukumbu na umakini hazifai kutumika kama kipimo cha uwezo wake. Chanzo cha hali hii hakiwezi kubainishwa kwa vipimo peke yake." Kama kuna zaidi, kwa mfano picha za video zinazomwonyesha akifanya kazi anayosema haiwezi, au alama zilizozama chini ya bahati nasibu, liandikwe kando, kwa jina lake, na mahakama ilipime kama inavyopima ushahidi mwingine wowote.

Halafu kazi iendelee, kwa sababu mtu anaweza kutia chumvi jeraha ambalo analo kweli. Mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu na kuvuja damu ndani ya fuvu, kisha akakosea picha kwa makusudi kwa kuogopa kwamba hataaminiwa, bado alianguka, na damu bado ilivuja. Yamebaki mambo ambayo hakuna juhudi wala ukosefu wake uwezao kuyabadilisha: kina cha kupoteza fahamu kilichoandikwa siku ya kwanza kwa kipimo ambacho madaktari wa Glasgow walikitoa mwaka 1974, idadi ya siku zilizopita kabla hajaanza tena kukumbuka mambo mfululizo, picha za ubongo wake, na maelezo ya watu waliofanya kazi naye kabla na baada. Ripoti ikiishia kwenye neno "juhudi", hakuna atakayeyafungua mafaili hayo.